Herufi Zilizoshiba Mafuta

Siku ya 1 ya mvua

Imenyesha tangu alfajiri na mto umeshabadilika rangi. Watu wa sokoni wamenuna, maana mto ukijaa hakuna atakayevuka na bidhaa hazitaingia. Mimi nimefurahi ila sijamwambia mtu. Tauni iko ng'ambo, na mto ukifurika hata tauni itabidi isubiri.

Ninaandika nyuma ya karatasi zilizoharibika za Baba mkwe, zile alizokosea akazitupa kapuni. Yeye ni mkuu wa wanakili wa mji, mtu wa kalamu tangu meno ya kwanza. Kapu limejaa pomoni. Sikujua kwamba siku hizi anakosea kiasi hiki.

Siku ya 2

Tabibu amekuja nyumbani kwetu. Ni mwanamke wa makamo asiyependa salamu ndefu. Anauliza hali huku tayari anaangalia ulimi wako. Ameandika waraka wa kurasa nane unaoeleza namna ya kuizuia tauni nyumba kwa nyumba, na anataka nakala mia tano. Moja kwa kila mtaa, moja kwa kila kijiji cha upande huu, na ziada za wasafiri, zote kabla mto haujapungua. Baba mkwe amemjibu kwamba wanakili ni kumi na wawili na kila nakala inakula siku mbili. Tabibu amepiga hesabu akaona kazi itaisha mvua zikiwa zimesahaulika.

"Wewe si unapiga chapa majina ya wafanyabiashara kwenye magunia?" akaniuliza.

"Napiga. Maneno mawili, matatu."

"Basi waraka wangu ni gunia lenye maneno mengi."

Nikacheka. Alipoondoka nikaacha kucheka. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa nafaka aligombana na mbia wake, akaniletea chapa yao ya zamani. Badala ya kuchonga mpya nilikata ubao katikati kwa msumeno, nikaliacha jina lake, nikalibandika la mbia mpya. Hakuna aliyeona kiungo. Kama jina linaweza kukatwa, neno nalo linakatika, na neno likikatwa kabisa zinabaki herufi.

Siku ya 3

Nimechonga herufi ishirini, kila moja kwenye kipande chake cha mti, zimegeuzwa kama ninavyogeuza maua ninayopiga chapa kwenye vitambaa. Rangi ya vitambaa imesambaa kwenye karatasi kama uji uliomwagika. Nimerudia kwa masizi yaliyosagwa na mafuta yaliyochemshwa. Imekaa.

Baba amesikia nikigonga. "Unachonga nini?"

"Herufi, Baba."

"Herufi haichongwi, mkwe wangu. Inaandikwa." Akaendelea kula. Mume wangu, Mungu amrehemu, angecheka na kutupatanisha. Mimi nilikusanya vyombo.

Siku ya 6

Mvua. Herufi mia mbili na kumi. Kidole cha shahada kina malengelenge.

Siku ya 9

Nilipanga mistari ya kwanza ya waraka jana nikaikaza ndani ya fremu, nikaenda kulala nikijiona mjanja wa dunia. Asubuhi nimekuta fremu imepasuka na herufi zimetapakaa sakafuni. Zimevimba. Mti unakunywa unyevu, kila kipande kinanenepa kidogo tu, lakini ukizidisha kidogo hicho mara mia mbili mstari mzima unatafuta pa kutokea.

Kwa hiyo mvua ninayoiombea izidi ndiyo inayoniharibia kazi. Nikiomba ikatike, tauni inavuka. Sijui niombe nini, nimeamua kuacha kuomba na kuokota.

Siku ya 10

Nimempelekea seremala vipande. Mji mzima unamwita Kobe kwa sababu mlango wa bibi harusi aliutengeneza hadi bibi harusi akapata mtoto wa pili. Akakigeuza kipande, akakinusa, akakaa. Nilidhani amelala.

"Uchemshe kwenye mafuta," akasema hatimaye. "Siku nzima, moto mdogo. Ushibe. Mti ukishiba mafuta hauna kiu ya maji."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na haraka."

Siku ya 13

Karakana yangu inanuka mafuta, mimi nanuka mafuta, hata usingizi wangu unanuka mafuta. Wifi yangu amepita kutoka kivukoni, ambako mume wake ndiye mlinzi na wanaishi kibandani pale pale na watoto wawili. Alisimama mlangoni akaziba pua.

"Wifi, kaka yangu angekuwa hai angekutia kwenye kikaango na samaki."

"Kaka yako alinipenda na harufu zangu zote."

"Maskini, hakuwa na pua." Kisha akaketi akanisaidia kuzipanguza herufi hadi saa ya kupika. Yeye ndiye mtu wa kwanza atakayekutana na wasafiri mto ukipungua.

Herufi zimelowekwa majini siku nzima kwa majaribio. Hazijavimba hata moja.

Siku ya 17

Siku mbaya.

Kivuko kimefungwa, ila ipo kamba inayovuka mto na kikapu cha barua. Leo kikapu kimeleta karatasi moja, mume wa wifi akaifukiza moshi kisha akaipeleka kwa Tabibu. Tabibu akaja nayo karakana, akafunga mlango. Ilikuwa nakala ya waraka wake, ile ya kwanza kabisa, iliyotumwa mji wa ng'ambo kabla ya mvua. Nyuma yake mkuu wa mji ule ameandika: Tulifuata maneno yenu kama yalivyo. Tumezika nusu ya watu wetu. Tunawarudishia karatasi yenu.

Tabibu aliiweka kando ya waraka wake wa asili akanionyesha ukurasa wa tano. Wa asili unasema: Mgonjwa atengwe siku arobaini. Chini yake: Na wazima waliokula naye au kulala naye nyumba moja, nao watengwe siku arobaini. Kwenye nakala mstari wa pili haupo. Watu wale waliwafungia wagonjwa wao, wakawaacha mama, baba na watoto watembee sokoni.

"Mnakili ameandika siku arobaini, ameinua macho, amerudi kwenye siku arobaini ya chini," Tabibu akasema. Hakupaza sauti. "Mwandiko huu unaujua?"

Ninaujua. Mwisho wa kila mstari anakunja mkia wa herufi kama ndoana. Hata sasa ninaandika nyuma ya ndoana zake.

"Siujui," nikasema.

Jioni nilimtazama Baba akila. Analitafuta bakuli kwa mkono kabla ya kulishika. Amegonga bilauri, akasema meza imesogezwa. Meza haijasogezwa tangu nilipoolewa. Nimekaa naye nyumba moja miaka minane na sikuona kwamba yeye haoni. Nina hasira naye. Alijua macho yamekwisha, akaendelea kushika kalamu kwa sababu ya cheo, na watu wamekufa. Nikimtazama tena, namwonea huruma, kisha hasira inarudi.

Siku ya 18

Sijamsemesha. Nimechonga.

Siku ya 21

Wanakili wamenishtaki kwa mkuu wa mji ili mbao zangu zichomwe. Msemaji wao ni Baba mkwe, nani mwingine. Tulitoka nyumba moja kwenda kwenye shauri, yeye mbele na mimi nyuma, tukitumia mwavuli mmoja.

Baba alizungumza vizuri. Alisema mnakili husoma anachoandika lakini ubao hausomi. Kisha akasema: "Mimi nikikosea, nimekosea karatasi moja. Huyu akikosea, amekosea mara mia tano kwa siku moja."

Ile karatasi ya ng'ambo ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya nguo. Tabibu alikuwa ameniachia, na alinikazia macho kana kwamba anajua nilimdanganya kuhusu mwandiko. Kuitoa tu kungetosha. Niliigusa. Karatasi ilikuwa ya joto.

Sikuitoa. Nilisema, "Baba amesema kweli. Nikikosea nitakosea mara mia tano. Lakini nikisahihishwa kabla ya wino kugusa karatasi, nimesahihishwa mara mia tano pia. Nipeni hadi mto upungue."

Mkuu wa mji ni mtu wa kukuna kidevu. Alikikuna sana. Akaamua kwamba nipewe muda, ila likionekana kosa moja katika nakala yoyote, mbao zote zitawashwa mbele ya lango na mimi mwenyewe nitashika kijinga cha moto.

Njiani kurudi Baba alisimama katikati ya matope. Mvua ilikuwa inampiga bega moja.

"Nakala iliyokwenda ng'ambo ilikuwa moja tu," akasema. "Ni yangu. Kivukoni wanazungumza, na mimi masikio sijambo, hata karatasi iliyo kifuani mwako naisikia. Kwa nini hukuitoa?"

"Nina hasira na wewe, Baba. Sijui hata nianzie wapi. Lakini sikutaka ujue mbele za watu."

"Nilikwisha kujua." Akashika mwavuli vibaya, nikamrekebishia.

Siku ya 24

Baba hatoki chumbani. Chakula kinarudi nusu.

Siku ya 27

Ukurasa wa kwanza umepangwa. Wa pili umepangwa.

Siku ya 30

Macho yanauma. Mgongo nimeuacha jana mahali fulani. Wifi anasema nitazame juu mara moja kwa siku nijue kama mbingu bado zipo. Zipo, na zinavuja.

Siku ya 34

Kobe ameleta kigandamizo cha kubania karatasi juu ya herufi, alichokitengeneza kutokana na mashine ya kukamulia mbegu. Ameleta siku aliyoahidi. Nimemuuliza kama anaumwa.

Siku ya 38

Leo nitaandika yote hata wino ukiisha.

Kurasa zote nane zimepangwa. Tulipiga chapa moja ya majaribio na Tabibu akaisoma mara mbili. Akasema iko sawa, tuanze. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono kuvuta mti wa kigandamizo Baba alipoingia. Hajawahi kukanyaga karakana yangu. Aliingia akipapasa ukuta, amevaa kanzu safi kama anakwenda shaurini.

"Nipe nizishike," akasema.

"Zina mafuta, Baba. Utachafuka."

"Nipe."

Nikamwekea fremu ya kwanza mbele yake. Aliweka ncha za vidole juu ya herufi, akaanza kutembea nazo polepole, kutoka upande ambao sisi tunamalizia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilielewa kwamba anasoma. Miaka arobaini ya kuandika kila herufi, mkono wake unaijua hata ikiwa imegeuzwa, hata ikiwa ya mti. Tabibu alikaa juu ya gunia.

Ukurasa wa kwanza, sawa. Wa pili alikuta herufi moja iliyolegea akaibonyeza. Wa tatu na wa nne, sawa. Kwenye wa tano vidole vilisimama. Vikarudi nyuma, vikaenda tena, vikasimama palepale.

"Mstari haupo," akasema. "Ule niliouruka mimi."

Nikamwambia haiwezekani. Nikachukua karatasi ya majaribio nikasoma: Mgonjwa atengwe siku arobaini. Chini yake kulikuwa na habari za kuchemsha nguo. Nikasoma tena. Mimi niliyeuona mstari ule umekosekana, niliyekesha na hasira kwa ajili yake, nimeupanga ukurasa uleule na kuuruka mstari uleule. Tabibu, aliyeuandika mwenyewe, amesoma mara mbili akaona kilichokuwa kichwani mwake badala ya kilichokuwa mbele yake.

Nilikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la mbao.

"Maneno ya mwisho yanafanana," Baba akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Jicho likiinuka, likirudi, linashika ya chini. Langu liliruka likiwa bovu. Lako limeruka likiwa zima."

"Nilikuhukumu, Baba."

"Ulistahili kunihukumu. Mimi nilijua macho yangu yamekwisha, wewe umekosea bila kujua. Hilo siwezi kulifuta." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. "Sasa panga mstari. Mimi nitangoja."

Niliupanga. Akausoma kwa vidole mara tatu, halafu akamaliza kurasa zote hadi wa nane. Ndipo tukavuta mti.

Siku ya 39

Baba amekwenda mwenyewe kwa mkuu wa mji, na ile karatasi ya ng'ambo mkononi. Aliniomba tu nimfikishe mlangoni. Amesema kosa ni lake, macho hana, cheo anakirudisha. Mkuu wa mji hakukuna kidevu. Aliinuka akamletea kiti.

Mchana wanakili saba wamekuja karakana wakiwa wamenuna, wakauliza waanzie wapi. Nimewapa matambara ya kufutia wino. Kesho nitawapa kazi ya heshima zaidi.

Siku ya 45

Mia moja na kumi. Mvua ya kutosha.

Siku ya 52

Mia mbili na sitini. Mvua inaanza saa sita tu.

Siku ya 58

Manyunyu. Watu wa sokoni wanacheka. Natamani niwafunge midomo.

Siku ya 61

Hakuna mvua. Mia nne na ishirini. Baba hukaa kando ya kigandamizo, na kila tukipanga upya fremu anazipitia. Wanakili humwita Mwalimu. Zamani walimwita Mkuu, naye anasema hili ni zito zaidi.

Siku ya 64

Nakala ya mia tano ilikauka saa tisa alasiri. Wakimbiaji wameondoka kwenda vijijini. Mume wa wifi amepima mto kwa fimbo: maji yapo kifuani. Kesho kutwa yatakuwa kiunoni.

Siku ya 67

Wamevuka watu kumi na mmoja. Mlinzi aliwaweka kwenye vibanda vya kando kama waraka unavyosema. Lakini mama mmoja alikuwa na mtoto anayelia njaa, na wifi yangu ni wifi yangu. Aliwaingiza kibandani kwake, akawapa uji, wakala naye chungu kimoja. Jioni yule mama aliota uvimbe kwapani.

Tabibu alikwenda, akamhamishia yule mama na mtoto wake kwenye kibanda cha wagonjwa. Mimi na Baba tukamfuata tukasimama umbali wa kutupa jiwe. Wifi alikuwa dirishani, watoto wakichungulia chini ya mikono yake.

"Mimi ni mzima," akapaza sauti. "Sote ni wazima. Niwatoe watoto tu, wakae na wewe, wifi."

Baba aliomba nakala ya waraka. Hawezi kuisoma, wino hauna mwinuko, lakini aliifungua ukurasa wa tano akaweka kidole mahali penyewe, akausema mstari ule wote kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kwa binti yake.

Wifi aliwavuta watoto ndani. Kisha akasema, "Kumbe siku zote zile nilikuwa nakupanguzia herufi za kunifungia mimi." Akajaribu kucheka. Akafunga dirisha mwenyewe.

Siku ya 5 ya kutengwa

Tunapeleka chakula na kukiacha juu ya jiwe. Wifi anapunga kitambaa: kimoja ni salama, viwili kuna mgonjwa. Amepunga kimoja.

Siku ya 12

Amepunga viwili. Ni mume wake.

Siku ya 14

Mlinzi wa kivuko amefariki. Hatukuweza kumzika. Tabibu na watu wake wamefanya kama ukurasa wa saba unavyoagiza, na siku arobaini za wifi na watoto zimeanza kuhesabiwa upya. Baba alikaa siku nzima akielekeza uso upande wa mto. Aliniuliza kama huku mjini yuko anayeumwa. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena baada ya saa moja.

Siku ya 23 ya hesabu mpya

Wakimbiaji wamerudi. Vijijini vibanda vya kutengwa vimejengwa vyote. Wamekufa watu sita katika nchi nzima ya upande huu. Watu wa mji wa ng'ambo wameomba nakala mia, na fremu moja ya herufi. Nitawapelekea mwenyewe mvua zijazo zikiwa mbali.

Nikiwa nafuta wino nimewaza mambo ya ajabu. Ingekuwaje kama ningeitoa karatasi ile shaurini? Baba angeaibika, asingekanyaga karakana, mstari ungerukwa mara mia tano. Wifi angewatoa watoto, watoto wangekuja kucheza mtaani. Tauni ingepita hapa na kwenda mbele, nchi baada ya nchi, ikichukua mtu mmoja katika kila watatu, na mbao zangu zingeteketea langoni. Pengine fundi fulani wa nchi ya mbali, miaka mia baadaye, angeanza upya na herufi zake za chuma, bila kujua kwamba ziliwahi kuwepo za mti. Na watu wake wangeona hivyo ndivyo dunia ilivyokuwa lazima iwe. Nimesimama na tambara mkononi hadi Baba akauliza kama nimelala.

Siku ya 31

Kitambaa kimoja.

Siku ya 39

Kimoja. Kwangu kesho iko mbali kuliko msimu mzima wa mvua.

Siku ya 40

Tabibu amefungua mlango saa mbili asubuhi. Watoto walitoka kwanza wakifumba macho kwa jua. Wifi alitoka nyuma yao amekonda, nguo zote zimechemshwa hadi zimekosa rangi. Nilikuwa nimejiandalia utani wa kumwambia, sikuupata.

Alimwendea Baba akasimama mbele yake. "Ni mimi," akasema.

Baba alipangusa vidole kwenye kanzu, akaviweka kwenye paji la uso wa binti yake, akaanza kushuka polepole: nyusi, macho, mashavu, midomo, kidevu. Midomo yake ilikuwa inacheza kama siku ile karakana. Wifi akamwacha asome. Alikwenda hadi mwisho, na hakuruka mstari.